Mbale: Wanafunzi wanajadili, je, walimu wanatosha?

Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanza mjini Mbale mwaka 2013, hakitegemei mihadhara pekee. Wanafunzi hukaa katika vikundi vidogo, hupewa kisa cha mgonjwa, na hutafuta wenyewe maarifa ya kukitatua. Mhadhiri huongoza kwa maswali.

Mtindo huu huamsha ari, lakini una gharama. Mhadhiri mmoja aweza kuhutubia ukumbi mzima; vikundi kumi vyahitaji waongozaji kumi. Wanafunzi wakiongezeka bila walimu, mwenye haya hujificha nyuma ya msemaji wa kikundi.

Jinja nako kuna hospitali ya rufaa na chuo cha uuguzi. Atakayeiga njia hiyo ahesabu kwanza walimu, kisha abadili mitihani. Mtihani ukipima kukariri tu, mwanafunzi atauacha mjadala, na hasara itamfikia mgonjwa.