Anayelipwa kutoka nje naye ni mfanyakazi



Nataka kusema na wakubwa wa kodi na wa hifadhi ya jamii, maana madirishani kwao hatufahamiani.

Tupo watu hapa Unguja tunaofanya kazi majumbani kwa kampuni ambazo hazina hata meza nchini. Mimi naweka hesabu za kampuni moja ya Ujerumani, nikiwa chumbani Mji Mkongwe. Mshahara unaingia benki mzima mzima, haukukatwa kitu. Jirani akisikia hivyo huniambia nimepata. Nimepata nini?

Nianze na kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano; iko kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), siyo Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), na wengi wetu hata hilo tunalichanganya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtaka mkaazi alipie mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Lakini kazi ya kukata kodi kwenye mshahara imepewa mwajiri mkaazi, na wangu si mkaazi. Basi mzigo ni wangu: nijikadirie mwenyewe, nilipe kwa awamu, kisha nipeleke ritani. Sikatai. Nilipokwenda ofisi moja ya umma kuuliza naanzia wapi, niliambiwa nilete namba ya mlipakodi ya mwajiri. Niliposema hana, nikaambiwa basi nisajili biashara. Biashara gani? Sina duka wala wateja. Nina bosi mmoja, anayenipangia saa za kuingia kazini na kunihesabia siku za likizo.

Kinachoniuma zaidi ni uzee. Mfanyakazi aliyeajiriwa hapa huchangia sehemu ya mshahara wake katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), na mwajiri wake humuongezea fungu kubwa zaidi. Kampuni za nje hutuandika kwenye mkataba kuwa ni makandarasi, ingawa tunatumwa kama waajiriwa, na fungu hilo la mwajiri linabaki kwao. ZSSF ina mpango wa hiari, na ni jambo jema. Mvuvi na muuza mboga wanaweka akiba yao humo. Lakini mvuvi hana bosi. Mimi ninaye, na nikijiunga kwa hiari natoa sehemu yangu na yake pia.

Tena wangu, haki isemwe, hakukataa kuchangia. Aliniandikia akiuliza fedha azipeleke wapi, kwa fomu ipi, na risiti atapewa na nani. Nikaulizia, kila niliyemuuliza akanielekeza kwa mwengine. Mpaka leo barua yake sijaijibu, na nadhani ameshafurahi kuwa sikuijibu.

Haya si mapya: mabaharia wetu wa zamani walitumikia meli za kigeni miaka na miaka, na wengi walirudi na masanduku, hawakurudi na pensheni. Serikali imewafikiria wazee: Pensheni Jamii ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, kwa aliyefika miaka 70. Tunashukuru. Ila mtu anayeweza kujiwekea akiba yake leo kwa nini asubiri hiyo?

Mwaka 2022 tuliona mpango wa Silicon Zanzibar ukizinduliwa ili kampuni za teknolojia zihamie Fumba, hapa Unguja, na wataalamu wa kigeni warahisishiwe vibali vya kazi. Sina ugomvi na wageni. Ila mgeni ameshafikiriwa njia ya kuja kufanya kazi hapa; aliyezaliwa Malindi ya hapa Unguja akafanya kazi ile ile kwa kompyuta yake, hata jina la kuitwa kwenye fomu hana. Ni mfanyabiashara au mfanyakazi?

Ombi langu halihitaji jengo jipya. ZSSF wafungue njia ya mwajiri wa nje kusajiliwa na kuchangia akiwa huko huko kwao. TRA watoe maelezo ya Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha, ya mfanyakazi ambaye mwajiri wake hayupo nchini: alipe lini, aandike wapi, aambatanishe nini. Na kama njia hizo zipo tayari, wahusika wazijibu hapa hapa gazetini, nami nimpelekee Mjerumani wangu.

Mfanyakazi wa mtandaoni,
Mji Mkongwe, Unguja.