Jenerali Wako wa Rafuni Alibebewa Mizigo na Nani?

Wadau, acha niseme hii halafu mnitusi baadaye.

Kuna msee alinitumia picha za askari wake wa kuchezea, wale wa kukusanya. Vidude vya urefu wa kidole, vimepakwa rangi hadi vifungo vya shati vinaonekana. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wetu huku Afrika Mashariki. Mbele kasimama Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Nyuma yake askari Waafrika na bunduki. Nikauliza, wapagazi wako wapi? Akajibu, "Hao wa nini? Hawakupigana."

Hawakupigana? Buda, barabara hazikuwepo na mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo. Chakula na risasi vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Waingereza pekee walichukua wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa lazima, na rekodi zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara, malaria na njaa.

Lettow alisalimu amri Novemba 1918, akarudi Berlin akapokewa kama shujaa. Leo unamnunua akiwa na jina lake. Mpagazi aliachiwa jina la mtaa: Kariakor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar.

Najua utaniambia ni mchezo tu. Zii. Mtoto anashika askari wa kuchezea kabla hajashika kitabu cha historia, na hapo anajifunza nani ni mtu na nani ni mzigo. Na usiniambie niwaachie maprofesa. Mimi niliacha chuo, haya nimeyasoma kwa simu nikiwa hapa Matulo.

Hata wakoloni waliomtumikisha walimweka mpagazi kwenye ile sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue. Wewe Mwafrika umekosa nafasi yake kwa rafu?

Jumapili nilifinyanga mmoja kwa udongo na watoto wa jirani. Mzigo kichwani, miguu peku. Mdogo wao akauliza, "Bunduki yake iko wapi?" Nikamwambia hakupewa. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi tumtengenezee wenzake."

Tumefikisha kumi na wanne. Wewe baki na jenerali wako, lakini mwambie ajibebee sanduku lake.