Kumpiga Picha Nyuki Arukaye

Ni nani kati yetu hajajaribu kumpiga picha nyuki arukaye? Tulipoitazama picha, tuliona ua tu, na kando yake kitu kama moshi. Sababu ni hii: nyuki hupiga mabawa mara 200 na zaidi kwa sekunde moja. Tena tukimkaribia sana, ni milimeta chache tu zionekanazo wazi. Akisogea kidogo, sura yake yapotea.

Mwingereza Stephen Dalton alishinda shida hizo katika miaka ya 1970. Hakuwafukuza wadudu. Aliweka mstari mwembamba wa mwanga pale watakapopita. Mdudu alipoukata, ndiye aliyeamsha mashine ya picha na taa za umeme, zilizowaka kwa sehemu moja tu ya 25,000 ya sekunde. Mwaka 1977 picha yake moja ilitiwa katika sahani zilizochukuliwa na vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani kwenda mbali kupita sayari zote.

Nasi tusio na vyombo hivyo tufanyeje? Tuchague ua lipendwalo na nyuki, asubuhi kungali na baridi, maana ndipo wanapokuwa wazito. Tuisimamishe mashine juu ya miguu mitatu, tuilenge nafasi iliyo mbele ya ua. Taa tuipunguze nguvu na kuisogeza karibu, kwani hivyo huwaka kwa muda mfupi zaidi. Kisha tungoje. Picha nyingi zitaharibika, lakini moja itatuonyesha mabawa ambayo macho yetu hayajapata kuyaona yakitulia.