Mnaocheka gari la Mtaliano, hesabu zenu ziko wapi?

Wadau, leo nina ugomvi na watu wawili.

Wa kwanza ni yule anayeamini kwamba Mtanzania mwenye akili timamu ananunua Toyota, na asiyenunua Toyota karogwa. Wa pili ni yule aliyeuza dhahabu yake asubuhi, na jioni yuko mtandaoni anatafuta gari jekundu la Kiitaliano, wakati hajui hata mkanda wa taimingi unakaa wapi. Hawa wawili hawapatani kijiweni, lakini wanakosea jambo moja lile lile: wote wanadhani uimara wa gari unatoka kiwandani peke yake.

Nianze na hawa wa Toyota, maana ndio wengi na ndio wenye kelele.

Pita Kahama, pita Katoro, pita Geita mjini. Michomoko inayojaza abiria ni Probox. Wakubwa wanatembelea Land Cruiser. Vijana wanatanua na Altezza. Sasa akitokea kijana mmoja akashusha Alfa Romeo 156 ya mtumba kutoka Japani, usukani kulia, kijiwe kizima kinaangua kicheko. "Hilo utaliacha Tinde!" "Spea utaenda kumwomba Papa!"

Mimi siangalii kinachochekwa, naangalia wanaocheka. Jamani, hii ni nchi ya maduara! Hapa mtu anauza ng'ombe, anakopa kwa shemeji, anazamisha kila kitu kwenye shimo akifuata mwamba ambao hajauona. Miezi inapita, mwaka unakatika, duara halijatema. Analiacha, anakimbilia rashi nyingine. Huyo hatumwiti mjinga. Tunamwita mpambanaji.

Mtu huyo huyo duara likitema, akauza mzigo kwa risiti halali kwenye soko la dhahabu Geita (lilifunguliwa Machi 2019), kisha akanunua kitu kizuri kwa sababu moyo wake umekipenda, ghafla wote tumekuwa wahasibu. Tunamkokotolea. Hatari ya kutafuta pesa tunaiheshimu, hatari ya kuifurahia tunaiita ushamba. Nani katufundisha hesabu hizi?

Na raha ipo, tusidanganyane. Alfa 156 lilichaguliwa gari bora la mwaka Ulaya 1998, na mdogo wake 147 akachukua taji hilo 2001. Litazame 156: vitasa vya milango ya nyuma vimefichwa pembeni ya dirisha, sahani ya namba imesogezwa kando ili isiharibu pua ya gari. Kuna mtu alikaa akafikiria mambo hayo, na hayaongezi hata kilo moja ya mzigo. Usukani mwepesi kuitika, injini inayopenda kuzungushwa. Nyumba hii ndiyo iliyomlea Enzo Ferrari: alipoanzisha timu yake ya mashindano 1929, magari aliyoyakimbiza yalikuwa Alfa Romeo.

Sasa fikiria unatoka Mwanza kwenda Geita. Kwa miaka mingi hapo Kigongo ulikuwa unapanga foleni ya kivuko nyuma ya malori. Tangu Juni 2025 unapita juu ya ziwa, kilomita 3 za daraja, maji kushoto na kulia, madirisha wazi, injini inaimba. Atakayeniambia hiyo si raha kwa sababu Probox nayo inavuka daraja lile lile, namhurumia.

Ila raha ina ankara yake, na hapa nawageukia wapenzi wa Mtaliano.

Injini ya Twin Spark ina plagi 2 kwa kila silinda. Silinda 4, plagi 8. Mkanda wa taimingi kiwanda kilisema utembee kilomita 120,000, baadaye kikapunguza hadi 60,000. Nusu! Ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha. Sasa gari la mtumba, hujui mkanda ulibadilishwa lini, na wewe unalipeleka safari ndefu siku ya kwanza kwa sababu unataka shemeji zako walione. Mengi yaliyouzwa Japani yana gia boksi ya Selespeed, ambayo pampu na mafuta ya haidroliki ndivyo vinavyobadilisha gia kwa niaba yako. Pampu ikichoka, gari haliingii gia, na fundi asiye na kompyuta ya kulipima atabaki kubahatisha. Na tumbo liko chini: tuta moja la kijijini usilolizoea, sampo inapasuka.

Wala Mtaliano asijitetee kwamba anaonewa. Mwaka 1980 Lancia walilazimika kununua tena magari yao aina ya Beta kutoka kwa wateja wa Uingereza kwa sababu ya kutu, na 1994 wakalihama soko hilo. Mwaka 2010 Ferrari waliyaita magari yao yote ya 458 Italia yaliyokuwa yameuzwa, zaidi ya 1,200, kwa sababu gundi iliyotumika jirani na matairi ya nyuma ilikuwa inaweza kushika moto. Gundi! Inasimuliwa pia kwamba Ferruccio Lamborghini, mtengeneza matrekta, aliingia kwenye biashara ya magari 1963 baada ya kuchoshwa na klachi ya Ferrari yake. Kwa hiyo malalamiko ya kijiweni Katoro yana undugu na malalamiko ya matajiri wa Italia wenyewe.

Basi Toyota wameshinda? Subirini kwanza.

Toyota inatengenezwa vizuri, sibishi. Lakini nusu ya uimara wake iko Kariakoo. Iko kwenye kila duka la spea Kahama, iko kwa kila fundi wa chini ya mwembe ambaye ameshafungua injini ile ile mara mia. Toyota yako ikizima Isaka saa tatu usiku, kifaa kinapatikana, na kama si kipya ni cha kuchinja. Tumejenga nchi nzima inayoitibu Toyota, halafu tunasema Toyota haiugui.

Ushahidi uko hapa hapa Afrika Mashariki. Lancia walileta Stratos kwenye mashindano ya Safari, ya kwetu hayo, yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lenye injini ya Ferrari mgongoni, moja ya magari ya hatari kabisa ya mashindano duniani wakati huo. Mwaka 1975 lilimaliza la pili na la tatu nyuma ya Peugeot 504, gari la familia. Stratos halikuwahi kuishinda Safari. Kisha Lancia hao hao wakarudi na Delta Integrale, na Miki Biasion akashinda 1988, akarudia 1989. Waitaliano walikuwa hawajabadili damu. Walileta gari lililoandaliwa kwa vumbi na mawe, na nyuma yake mafundi, spea na helikopta. Mtaliano mwenye watu wa kumtibu alifika.

Hata malori yao yalishatufaa. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965 na njia ya Zambia kwenda baharini ikabanwa, mizigo ilipitishwa Dar es Salaam kwa barabara iliyobatizwa jina la jehanamu. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services iliyoanzishwa 1966 iliibeba kwa malori ya Fiat. Malori mengi ya aina moja maana yake spea za aina moja, na mafundi wanaokutana na ugonjwa ule ule kila siku.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye dhahabu mfukoni, sikukatazi. Lakini usinunue gari moja kwa pesa yote. Bandarini kuna ushuru wa asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likiwa na umri mkubwa unaongezewa tena. Ukishamaliza hapo, kama huna akiba ya mkanda, pampu ya maji na plagi 8, hujanunua gari, umenunua pambo la uani. Badilisha mkanda kabla hujalionyesha kwa mtu. Mtafute fundi kabla ya gari. Na usiuze Hiace inayokulishia watoto ili ununue wimbo.

Na ninyi mnaocheka, kuna jambo kubwa kuliko Alfa. Fundi wa kwetu anayefufua karasha kwa waya na nyundo, mkafurahi mkamwita injinia, mnapomwambia asiguse gari la Mzungu mnamfungia mlango wa kujua. Akipewa kitabu cha gari, kompyuta ya kupimia na mteja mmoja anayelipa kwa wakati, huyo hashindwi na Selespeed. Watu hujifunza kutengeneza kile kilichopo uani kwao. Tukikubaliana wote kuwa na gari la aina moja tu, tutakuwa na ujuzi wa aina moja tu, na hilo tutaliita busara.

Dhahabu imetoka kwenye ardhi hii miaka nenda rudi. Mingi imepanda ndege. Kidogo inayobaki mikononi mwa kijana wa Nyarugusu, mwacheni achague anachokipenda, ilimradi amepiga hesabu.

Nawasilisha.