Matembezi ya Tervuren: picha mnatuma, makaburi saba mnayaacha

Wandugu wa Bulaya, picha zenu tunazipokea. Kila jua likitoka kule Ubelgiji, simu zetu hapa Lukafu zinajaa: watu ishirini, thelathini, viatu vya michezo, chakula mgongoni, wanatembea siku nzima ndani ya parke ya Tervuren. Maji, bata, miti iliyopangwa mistari, jumba kubwa la mawe nyuma. Na chini ya picha maneno yale yale: ona vile Wazungu walijua kujenga.

Kwa picha sina shida. Nina shida na hayo maneno, na sitayanyamazia, kwa sababu watoto wetu wanayasoma na kuyaamini.

Walijenga na makuta ya nani? Tervuren ilikuwa zamani parke ya kuwindia ya wakubwa wa Brabant. Mwaka 1897 Leopold II akaweka humo maonyesho ya Kongo, ile Kongo aliyoimiliki kama shamba lake tangu 1885 na ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Wakongomani 267 walipelekwa Ubelgiji kwa ajili hiyo. Walijengewa vijiji vya nyumba za majani kando ya maji, hayo hayo mnayopigia picha, na Wabelgiji wakapita kuwatazama kama vile sisi tunavyotazama simba kwenye bustani ya wanyama pale Lubumbashi. Mvua na baridi vikawapiga. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, mwendo mfupi tu kutoka parke. Kikundi kinachotembea kutwa nzima na kukosa dakika za kufika pale, kimetembea nini?

Lile jumba la mawe ni makumbusho ya Afrika. Lilifunguliwa mwaka 1910, Leopold akiwa amekwisha kufa. Ndani kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1508 waliofia Kongo. Freddy Tsimba, mchongaji wetu wa Kinshasa, aliandika majina ya wale saba kwenye kioo cha dirisha, na jua likipiga yanaanguka kama kivuli juu ya yale 1508. Aimé Mpane naye amechonga fuvu la Lusinga, chifu wa Watabwa, aliyeuawa mwaka 1884 katika shambulio lililoamriwa na Émile Storms, huko upande wa Tanganyika. Fuvu lenyewe lilibebwa mpaka Ubelgiji. Huyo ni jirani yetu, si mtu wa mbali.

Wengine wanaendelea mpaka Laeken, upande mwingine wa Bruxelles. Huko kuna Mnara wa Kijapani na Nyumba ya Kichina. Wajapani hawakuishi mle, Wachina hawakuishi mle. Leopold aliona majengo ya namna hiyo kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, yakampendeza, akamwita Alexandre Marcel amjengee ya kwake. Pambo tu! Ni miaka ile ile watu wa misituni walikuwa wakichapwa fimbo na kukatwa mikono kwa sababu ya mpira, na faida ya mpira huo ndiyo iliyolipa kazi zake kubwa za Laeken na Tervuren. Tangu 2013 nyumba hizo mbili zimefungwa kwa sababu zimechakaa. Mtu analia ati urithi unaharibika. Urithi wa nani?

Najua jibu: yaya, tunafanya kazi wiki nzima, tuache tupumzike. Pumzikeni. Miti ni mizuri, hata mimi ningekaa chini yake. Lakini kule Bruxelles kuna chama, Collectif Mémoire Coloniale et Lutte contre les Discriminations, kinachotembeza watu kwa miguu na kuwaelezea kila jiwe limetoka wapi. Kwa hiyo inawezekana kutembea na kujua kwa pamoja. Mkifika Tervuren tena, tuma picha ya makaburi, majina yasomeke.

Sasa tugeuke kwetu, maana na sisi tuna deni. Comité Spécial du Katanga, iliyoanzishwa 1900, ilitawala kutoka hapa Lukafu kabla Élisabethville haijazaliwa. Amri za Katanga zilitoka hapa, chini ya mlima Kundelungu, miaka michache tu baada ya Msiri kuuawa Bunkeya, Desemba 1891. Mwanafunzi anamaliza sekondari, anaujua mji wa Bruxelles kwa simu, hajatembezwa hata mara moja kwenye historia ya kijiji chake. Parke ya Kundelungu ipo tangu 1970, maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya meta 300, na tunangoja mgeni aje kutuambia ni mazuri.

Ninachoomba ni siku moja kwa mwaka. Maprefe watoe wanafunzi, wazee waongoze njia na kusimulia, ICCN ifungue parke bila kulipisha watoto, na kibao kimoja cha mbao kisimame kikieleza Lukafu ilikuwa nini. Prefe wa kwanza atakayeniletea tarehe, nitaitangaza redioni asubuhi na jioni bila kudai hata franka moja.