Jiwe la Mugere na Watu wa Ziwa



Kila likizo wageni huja katika mwambao wetu kutembea na kutazama, na mara nyingi sisi wanafunzi ndio tunaoombwa kuwaonyesha njia. Nataka kusema neno juu ya kazi hiyo, maana naona hatuifanyi sawasawa.

Mahali pa kwanza tunapowapeleka ni Mugere, yapata kilomita 10 kusini ya Bujumbura, penye jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hapo wengi wetu huwaambia wageni kwamba ndipo mabwana wale walipokutana mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Mugere walifika baadaye kwa mtumbwi, wakalala siku mbili, wakaenda zao.

Wenzangu wengine hunijibu, “Wacha, ndugu. Mgeni akiambiwa hivyo hufurahi, na akifurahi hutoa zawadi.” Mimi sikubali. Mgeni wa leo amesoma habari zetu kabla ya kufunga safari. Akitushika katika uwongo mmoja, hatatuamini hata tukisema kweli. Wazee walisema, njia ya mwongo ni fupi.

Tena kweli yenyewe ni nzuri kuliko uwongo. Mabwana wale walifuata nini huku? Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka katika ziwa au unaingia, maana kama ungetoka, huenda ziwa letu lingekuwa chanzo cha Nili. Wakaona unaingia. Lakini jambo hilo halikuwa siri. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, na wenyeji wakawaambia waziwazi kwamba mto unaingia ziwani. Ilipita miaka 13 hata wageni wengine wakaja kuhakikisha neno la wenyeji kwa macho yao. Na jiwe lina majina mawili tu. Wapiga makasia waliowaleta hawakuandikwa.

Basi nasema hivi: tukiisha kulitazama jiwe, tusigeuze gari kurudi mjini. Twende kusini kiasi cha kilomita 60 zaidi mpaka Rumonge, tukawaonyeshe wageni watu wenyewe wanaolijua ziwa. Njiani waone mashamba ya michikichi, na jinsi chikichi zinavyochemshwa na kukamuliwa mpaka yakapatikana mawese, na kokwa zake zikatoa mise. Sokoni wasikie Kirundi na Kiswahili vikipishana, kwa kuwa kabla ya magari ziwa hili ndilo lililokuwa barabara ya wafanya biashara wa Ujiji. Jioni wakae ufukoni wawaone wavuvi wakitoka na taa zao, hata ziwa likawa kama mji usiku. Wawaulize kwa nini hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Wataambiwa kwamba mwanga wa mwezi hushinda taa, na ndagala hawakusanyiki. Asubuhi watawaona ndagala wakianikwa juu ya chanja za waya, ambao zamani walitandazwa mchangani tu. Hapo mgeni hujifunza mengi kuliko penye jiwe.

Lakini tuwe na adabu. Mvuvi yuko kazini, hachezi ngoma ya kutazamwa. Tumwombe ruhusa kwanza, na kama iko zawadi, aipate yeye kabla yetu.

Wala tusikawie. Katika miaka hii ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, yakala fukwe na nyumba za watu, na Rumonge haikusalimika. Wazee nao wanatutoka mmoja mmoja, pamoja na majina ya pepo na ya samaki waliyoyajua. Yafaa kila mmoja wetu likizo hii amwendee mzee mmoja wa kwao, aandike asemayo, alete kwa Mhariri. Na ninyi wakubwa zetu mlio na magari, mkitupa nafasi ya kufika Rumonge mtakuwa mmetusaidia sana. Wapiga makasia wa mwaka 1871 hawakupata mtu wa kuwaandika. Wavuvi wa leo wanao wanafunzi.