Pesa ya Novemba haingojei hukumu ya Machi

Kila Novemba, Kasenga yote iko katika ununuzi. Malori yanatoka Lubumbashi, yanapita Kasomeno na kushuka hadi mto Luapula yakiwa na chumvi na magunia matupu. Kila mfanyabiashara anajua kinachofuata: ng'ambo, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, na samaki huadimika pande zote mbili. Mwenye pesa Novemba hununua mpumbu na chisense waliokaushwa, akaweka, akauza Januari katika soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi kwa bei inayolipa ada ya watoto. Anayepata pesa Januari hana cha kununua.

Naanza na hayo kwa sababu mahakama zikiandika kwamba "hasara haikuthibitishwa", huwa zinahesabu dola ya Novemba na dola ya Machi kuwa kitu kimoja.

Konti yangu ilikamatwa Novemba. Mwenye lori mmoja alikuwa amenishtaki akidai nauli ambazo nilishamlipa. Mahakama ya kwanza ikampa haki, tena ikaruhusu hukumu itekelezwe papo hapo bila kungoja rufaa. Sikujua kitu. Ndivyo utaratibu wa OHADA (sheria za pamoja za biashara za nchi za Afrika zilizojiunga), unaotuhusu Wakongo tangu Septemba 2012, ulivyopangwa: uisie wa mahakama hupeleka karatasi benki kwanza ili mdaiwa asiwahi kutoa pesa, kisha ana siku 8 za kumjulisha mwenye konti. Asipomjulisha, ukamataji huo unaanguka. Mimi habari niliipata dirishani, watu wamepanga foleni nyuma yangu na dereva ananingoja nje. Deni lililodaiwa halikufika hata nusu ya pesa zangu. Sheria inasema wazi kwamba kinachozuiwa ni kiasi cha deni pamoja na gharama zake, na kiasi hicho tu. Benki ilifunga konti nzima.

Rufaa nilishinda, mvua zikielekea kwisha. Konti ikafunguliwa, majirani wakaja kunipongeza, na avoka wangu akasema, "Mama, shukuru Mungu, pesa yako imerudi yote." Haikurudi yote. Wavuvi niliowaahidi walikuwa wamemuuzia mwingine, na siwalaumu, nao wana watoto. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, niliilipa kwa mkopo wa banki lamberi, wale wakopeshaji wa mtaani, na riba ya watu hao kila mtu mjini anaijua. Wanunuzi niliowalea miaka mingi walishazoea meza nyingine sokoni.

Tukadai fidia. Tulichopewa hakikutosha kumlipa hata avoka. Sababu iliyoandikwa: haikuonyeshwa kwamba mwenye lori alikuwa na nia mbaya. Daftari langu la manunuzi, lenye bei ya kila gunia, halikufunguliwa.

Sababu hiyo siikubali, na sheria iko upande wangu. Kesi yangu ilikwenda kwa andiko la OHADA la 1998 kuhusu ulipaji wa madeni na utekelezaji wa hukumu. Kifungu chake cha 32 kinasema kwamba anayetekeleza hukumu ambayo bado inaweza kubadilishwa anafanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe. Hukumu ikibadilishwa, lazima alipe hasara yote aliyosababisha, bila haja ya kutafuta kosa lake. Nia yake, nzuri au mbaya, haiulizwi. Suala la kosa ni la kifungu cha 258 cha sheria yetu ya madai, kile tulichorithi kutoka dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Hii ni milango miwili tofauti. Mimi nilibisha mmoja, nikajibiwa kwenye mwingine.

Sisemi konti zisikamatwe. Nami nina watu wanaonidai na wengine ninaowadai. Tarehe 26 Aprili 2018, Mahakama ya OHADA ya Abidjan iliamua katika kesi ya Grands Hôtels du Congo kwamba kampuni iliyoundwa kwa sheria za kibiashara haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya serikali ili mdai wake asiguse konti. Niliufurahia uamuzi huo. Lakini nguvu kubwa namna hiyo lazima iwe na gharama kwa anayeitumia vibaya. Kama adhabu ya kukamata bila haki ni kuachia tu ulichoshika, basi kila mwenye hasira atamshika mwenzake Novemba, akijua kwamba hata akishindwa atakuwa ameshamvunja.

Jaji anayepima fidia aulize: ni pesa ngapi zilizuiwa, mwezi gani, gunia lilikuwa bei gani Kasenga siku ile na bei gani Lubumbashi Januari? Na daftari alisome. Sheria ya biashara ya OHADA inaruhusu mambo ya wafanyabiashara kuthibitishwa kwa njia yoyote. Benki nayo, ikifunga zaidi ya deni, ichangie fidia hiyo kutoka mfukoni mwake.

Andiko la 1998 lilirekebishwa mjini Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, na toleo jipya linatumika tangu 16 Februari 2024. Mpaka leo sijamwona avoka aliyekuja sokoni kutueleza kwa Kiswahili kilichobadilika. Waje. Tutawapa viti.

Na ninyi mama wenzangu wa samaki, siku mtakapoambiwa konti imefungwa, msitoke benki bila karatasi yenye tarehe na kiasi kilichozuiwa. Andikeni bei ya gunia ya siku hiyo, na majina ya wavuvi waliokuwa wanawangoja. Kisha nendeni kwa avoka upesi, maana muda wa kupinga ni mfupi, na huhesabiwa tangu siku mliyojulishwa.